Maswali ya Wasomaji: Sinza ilichorwa kwanza, ikakaliwa baadaye

Katika toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu Sinza, kata ya Dar es Salaam iliyokaa kati ya Ubungo, Manzese, Tandale, Kijitonyama na Mwenge, na barua zilizotufikia zimezidi nafasi tuliyonayo. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi zaidi ya waliouliza. Anayejibu si mgeni wa mahali hapa, kwani nilipanga chumba Sinza mwaka 1989, nikahamia nyumba nyingine mitaa miwili mbele, na mpaka leo sijatoka. Msomaji atakayeona mahali ninapopendelea anisamehe.

Shikamoo mzee. Nimehamia Sinza E miezi mitatu iliyopita nikitokea Manzese, nilikozaliwa. Huku barabara zimenyooka, na gari la taka linafika hadi getini. Kwetu jeneza linabebwa mikononi mpaka barabara kubwa ndipo likutane na gari. Kutoka kwetu mpaka hapa ni mwendo wa miguu tu. Nani aliipanga Sinza hivi, na kwa nini hakupanga kwetu?
*Mkazi mpya, Sinza E*

Marahaba. Swali lako lina sehemu mbili, na ile ya pili itakushangaza, kwa sababu waliopanga Sinza walifika na kwenu, katika mradi uleule na katika miaka ileile.

Turudi nyuma kidogo. Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Dar es Salaam ikiwa na watu wapatao 272,000. Sensa ya mwaka 2022 imehesabu zaidi ya milioni 5.3. Katika muongo wa kwanza wa uhuru, dawa ya Serikali kwa makazi yaliyoota yenyewe ilikuwa kubomoa na kujenga upya, na kazi hiyo ilikabidhiwa Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962. Nyumba za udongo ziliangushwa, za matofali zikasimamishwa mahali pake, na baada ya jasho lote hilo idadi ya nyumba mjini iliongezeka kidogo tu, kwa kuwa kila nyumba mpya ilikuwa imeanza kwa kuondoa ya zamani. Wakati huohuo watu walizidi kuingia kwa treni, kwa mabasi na kwa miguu. Mwaka 1972 sera ikageuka: makazi yaliyokwisha kujengwa yangeachwa na kuboreshwa, na kwa watu waliokuwa bado wanakuja vingepimwa viwanja vipya vyenye huduma kabla hawajafika.

Utekelezaji ulianza mwaka 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mradi ukafika katika miji saba: Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya, Tanga, Morogoro, Iringa na Tabora. Hapa Dar es Salaam ulikuwa na mikono miwili. Mkono mmoja ulikwenda kwenye ardhi iliyokuwa bado na nafasi, yaani Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ukachora mitaa mipya. Mkono wa pili ulikwenda Manzese, Mtoni na Tandika, ambako watu walikuwa wamekwisha kukaa, ukajaribu kupitisha barabara, mifereji na mabomba katikati ya nyumba zao.

Kumbuka kwamba Sinza hapakujengwa nyumba. Watu wengi hudhani Serikali ilijenga, na wapo wanaosema hivyo mbele ya wajukuu zao wakiwa wamekaa barazani kwenye nyumba waliyoijenga wenyewe tofali kwa tofali. Kilichoandaliwa kilikuwa mchoro, bikoni za mipaka, barabara, mifereji ya mvua, mabomba ya maji, na maeneo ya shule, zahanati na soko. Viwanja vilikuwa vidogo kwa makusudi, vingi vikiwa na takriban mita za mraba 300, ili huduma moja ihudumie watu wengi na gharama ya kila mmoja iwe ndogo. Aliyepewa ofa, yaani barua ya kumgawia kiwanja, alijenga kwa nguvu zake mwenyewe: wengine walimaliza kwa mwaka mmoja, wengine walihamia chini ya mabati yaliyofunika vyumba viwili huku msingi wa vyumba vilivyobaki ukiota majani kwa miaka minane.

Sasa tuje Manzese. Kwa miaka ya mwanzo hali ilikuwa nzuri, kwa sababu mabomba ya mtaani yalitoa maji na barabara chache zilipitika. Kisha mabomba yakakauka, mifereji ikajaa takataka, barabara zikaliwa na mvua. Wachumi waliolinganisha makazi ya mradi huu baada ya miongo kadhaa, na utafiti wao kuchapishwa mwaka 2021, walikuta kwamba maeneo mapya yaliyopimwa yana nyumba kubwa zaidi, mpangilio ulio sawa na njia bora, wakati yale yaliyoboreshwa yakiwa yamepoteza sehemu kubwa ya huduma yalizopewa, kiasi cha kutotofautiana sana na yale ambayo hayakuguswa kabisa.

Kwa maoni yangu sababu iko ardhini, waziwazi. Bomba la Sinza nalo lilioza. Nakumbuka vizuri miaka ambayo tulinunua maji ya mkokoteni hapahapa, dumu la lita ishirini kwa shilingi ishirini, na barabara yetu ya ndani ilikuwa na mashimo ya kuweza kufugia bata. Lakini nafasi ya kupitishia bomba jipya ilikuwapo bado, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na ofa ya kujenga katikati ya barabara. Fundi alipokuja alichimba, akalaza bomba, akafukia, akaondoka. Kwenu fundi huyohuyo angelazimika kwanza kuuliza ni jiko la nani livunjwe. Bomba hufa baada ya miaka ishirini au thelathini, lakini mstari uliochorwa kabla ya watu kufika unaweza kuishi kuliko walioupima.

Mheshimiwa Mhariri, baba yangu alikuwa karani wa Serikali na alipata kiwanja Sinza mwaka 1978. Tulipokuwa kwenye arobaini yake, mzee mmoja alisema mbele za watu kwamba kizazi cha baba yangu kilikula viwanja vya maskini. Kwa heshima ya msiba nilinyamaza, lakini neno hilo limekaa moyoni. Je, ni kweli?
*Binti wa karani, Tabata*

Pole sana kwa msiba, dada yangu. Mzee huyo alikosea mahali pa kusemea, ila alichosema si uongo mtupu.

Viwanja hivi vilikusudiwa watu wa kipato cha chini. Katika kuvigawa, hata hivyo, kulikuwa na masharti ambayo kwenye karatasi yalionekana ya kawaida: kulipa kodi ya kiwanja bila kukosa, kujenga ndani ya muda uliowekwa, na kwa anayetaka mkopo wa Benki ya Nyumba, ile THB iliyoanza mwaka 1973 na kufungwa mwaka 1995, kuonyesha kipato kinachojulikana. Mchuuzi wa samaki wa soko la Feri alikuwa na kipato, pengine kumzidi karani, lakini hakuwa na hati ya mshahara. Karani, mwalimu, muuguzi na askari walikuwa nayo. Basi mlango ulikuwa wazi kwa wote, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa wachache. Wapo maskini waliopata ofa na kuiuza kabla ya kumwaga msingi, kwa sababu mgonjwa alikuwa hospitalini au ada ilikuwa inadaiwa, na mnunuzi mara nyingi alikuwa mtu mwenye mshahara. Kwa njia hizo mbili, Sinza ya watu wa chini ikawa kwa haraka Sinza ya watu wa kati.

Kuna kundi lingine ambalo mzee huyo hakulitaja, nami sitalipita. Kabla ya wapima kufika, huku kulikuwa pembezoni mwa mji, na ardhi ya pembezoni ilikuwa na wenyewe: wakulima, wengi wao Wazaramo, wenye minazi, mikorosho na mihogo. Kwa sheria ya wakati huo ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na thamani, na fidia ilihesabiwa kwa maendelezo, yaani mti kwa mti na kibanda kwa kibanda. Ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliyokuja kutamka kwamba ardhi yenyewe ina thamani na kwamba fidia izingatie hilo. Aliyelipwa minazi yake katika miaka ya sabini, kisha akahamia mbali zaidi, alipata haki yake kwa sheria ya siku hiyo, na leo wajukuu wake hawana hata chumba katika mtaa ambako kiwanja kimoja kinauzwa kwa mamilioni mengi ya shilingi. Kama kuna mtu wa kudai neno "kula", ni huyo.

Lakini baba yako hakuwa tajiri, na anayemwona tajiri anaitazama Sinza ya mwaka 1978 kwa macho ya leo. Wapangishaji wa wakati ule walikuwa na hofu: mwaka 1971 Serikali ilikuwa imetaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, kwa hiyo mtu mwenye akili hakujenga jengo la kuvutia macho. Ndiyo maana nyumba za kwanza za Sinza zilikuwa za chini, zenye sura moja, ukumbi katikati na vyumba kushoto na kulia, choo na jiko uani. Ilipofika miaka ya themanini, mshahara wa karani uliisha kabla ya wiki ya pili. Hapo ndipo Sinza ilipoanza kulia kama kijiji: kuku wa mayai kwenye stoo, ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba, mama mwenye nyumba akitembeza maandazi ofisini kwa mumewe. Nyumba niliyopanga mwaka 1989 ilikuwa na ng'ombe mmoja wa kisasa ambaye zizi lake liligusa dirisha langu, na mwenye nyumba, mhasibu mwenye tai, alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kumkamua kabla ya kwenda kupanda basi.

Kisha vikajengwa vyumba vya uani, na hapo ndipo maskini aliyekosa kiwanja alipoingia Sinza, kwa mlango wa upangaji. Ua wetu ulikuwa na wapangaji saba na bomba moja. Fundi cherehani kutoka Tanga, polisi wa Mara, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu waliokosa kitanda bwenini, mama wa Kinyakyusa aliyeuza mchele, mzee mmoja wa Kilwa ambaye hakuna aliyejua kazi yake, na mimi. Zamu ya kufagia uwanja iliandikwa kwa chaki kwenye mlango wa choo. Mtu akifiwa, ua mzima ulichanga, na mama wa mchele ndiye aliyeshika daftari.

Mimi ni mwanafunzi, nimetoka Songea. Konda wa daladala anataja vituo kwa kasi: Afrikasana, Kumekucha, Mori, Palestina, Makaburini, Kwa Remmy, Kijiweni. Haya majina yametoka wapi?
*Mwanafunzi, Sinza*

Mengi ya majina haya hayakuandikwa kwenye ramani ya wapima, ambao walitosheka na Sinza A hadi E. Mji ukipewa herufi, wenyeji huzikataa, wakaweka majina yanayoeleweka na konda. Makaburini ni kwenye makaburi, na Kijiweni ni kwenye kijiwe, mahali pa watu kukaa na kuongea wakisubiri kazi au wakiikimbia.

Kwa Remmy ni mahali alipoishi mwanamuziki Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akaongoza Super Matimila. Aliimba kwa Kiswahili juu ya umaskini, kifo na maradhi kwa namna iliyowafanya watu wa kawaida wamwite Dokta. Alifariki Desemba 2010. Sinza ilikuwa na maofisa wa kila cheo, na bado kituo kikapewa jina la Mkongo aliyekuja na gitaa. Hakuna kamati iliyokaa kuamua. Abiria walisema tu, "Nishushe kwa Remmy," na ikawa.

Barabara kubwa nazo zilipewa majina kwa njia rasmi. Shekilango ni jina la Kisambaa, la Hussein Shekilango, waziri aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1980. Sam Nujoma alikuwa rais wa kwanza wa Namibia, ambaye chama chake cha SWAPO kilikuwa na ofisi Dar es Salaam wakati wa mapambano ya ukombozi. Ukitoka chuoni Mlimani kwenda Mwenge unapita juu ya jina lake kila siku.

Neno "daladala" lenyewe, kwa kuwa umelitumia, lina umri unaokaribiana na Sinza yenyewe. Usafiri wa mji ulikuwa mikononi mwa UDA tangu mwaka 1974, mabasi yakawa machache kuliko abiria, na mwaka 1983 magari ya watu binafsi yakaruhusiwa rasmi. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano iliitwa dala.

Nimepanga chumba kwenye nyumba ya vyumba sita, na mita ya umeme imesajiliwa chumbani kwangu. Kila mwezi nikinunua LUKU nakatwa shilingi 1,500 ya kodi ya jengo. Mwenye nyumba anasema hayamhusu. Wapangaji wenzangu wanacheka. Nifanyeje?
*Mpangaji aliyechoka, Sinza C*

Wenzako wasicheke sana. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Tangu mwaka 2021 inakusanywa kupitia ununuzi wa umeme, kwanza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na tangu mwaka 2023 kwa shilingi 1,500, sawa na 18,000 kwa mwaka. Kwa ghorofa hutozwa kwa kila sakafu, shilingi 7,500 kwa mwezi. Mita inamkata aliyenunua umeme kwa kuwa haiwezi kujua nani mwenye nyumba, na ukiacha kununua umeme miezi miwili, deni litakusubiri ulipe lote kwa mkupuo.

Fanya hivi. Tunza ujumbe wote wa manunuzi ya umeme kwenye simu, kwa sababu kila mmoja unaonyesha kiasi cha kodi kilichokatwa. Wakati wa kulipa pango la miezi sita ijayo, jumlisha makato hayo, ambayo yatakuwa shilingi 9,000, na umwombe mwenye nyumba ayatoe kwenye pango kwa maandishi. Akikataa, nenda naye kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla ya kufika mbali. Nimeona kesi za aina hii zikimalizwa barazani kwa dakika kumi na soda mbili. Ikiwa nyumba yenu ina mita zaidi ya moja na zote zinakatwa, hilo ni kosa la usajili, kwani jengo la kawaida linatakiwa kukatwa kwenye mita moja tu. Mwenye nyumba apeleke namba za mita hizo kwa wanaosimamia kodi hiyo ili zilizozidi ziondolewe.

Na siku nyingine ukitafuta chumba, muulize dalali mita imesajiliwa kwa nani kabla hujampa mwezi wake mmoja.

Nasikia Sinza ni ya Wachaga. Ni kweli?
*Msomaji, Morogoro*

Njoo Sinza kati ya Desemba 20 na Januari 2 utaona kwa nini watu husema hivyo: maduka mengi yamefungwa, foleni ya Shekilango imeyeyuka, na mtu anaweza kuegesha gari mbele ya kinyozi bila kugombana na yeyote. Watu wamekwenda Moshi. Lakini ukifika mwezi wa Ramadhani utakuta jambo jingine kabisa, ambapo kuanzia saa kumi na moja jioni kila kona ina meza ya tambi, kalimati na uji wa pilipili manga, na wanunuzi si Waislamu peke yao. Ukipita Jumapili asubuhi, kwaya mbili za makanisa tofauti zinashindana na jenereta ya saluni. Mtaa huohuo una jiko la kitimoto na, nyumba ya tatu, msikiti, na majirani wanaheshimiana kwa kujua tu moshi unaelekea upande gani.

Kuna Wahaya, Wanyakyusa, Wasukuma, Wapare, Wasambaa, watu wa Kusini, Wakongo wa muziki na wa saluni. Wachaga ni wengi katika biashara, hilo halikatai mtu. Ila mtaa uliogawiwa kwa barua ya ofa, na si kwa ukoo, hauwezi kuwa wa kabila moja. Karani alitoka popote alikotoka, na jirani yake alichaguliwa na namba ya kiwanja.

Jirani yangu wa mbele amevunja nyumba ya baba yake na anajenga ghorofa nne. Wa kushoto amegeuza ukumbi kuwa baa. Wa kulia ametoa fremu tano za maduka mpaka ukingoni mwa barabara. Mimi peke yangu nimebaki na ua na mwembe. Je, sheria inaniruhusu kulalamika, au mimi ndiye niliyepitwa na wakati?
*Mama mwenye mwembe, Sinza A*

Shikamoo mama. Sheria inakuruhusu, lakini malalamiko yako matatu hayana uzito sawa, na ukiyachanganya utashindwa yote.

Ghorofa kwa ujumla haina kosa. Mji umejaa, ardhi ni ileile, na tangu ile sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo mtu anaweza hata kumiliki sakafu moja peke yake. Unachoweza kudai ni kuona kama ana kibali cha ujenzi, na kama ameacha nafasi inayotakiwa kati ya ukuta wake na mpaka wako. Viwanja vyetu vilipimwa kwa ajili ya nyumba ya chini yenye familia moja na wapangaji wachache. Shimo la maji machafu lililotosha watu kumi halitoshi watu sitini, na Sinza sehemu kubwa bado inategemea magari ya kunyonya majitaka. Muulize jirani yako shimo lake litakuwa wapi na gari litasimama wapi, na umuulize kabla zege la mwisho halijamwagwa.

Baa kwenye nyumba iliyopimwa kwa makazi inahitaji kubadilishiwa matumizi ya kiwanja, na majirani wana haki ya kuweka pingamizi kabla ya mabadiliko hayo kukubaliwa. Kuhusu spika, zipo kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, na malalamiko yenye saini za nyumba sita huenda haraka kuliko ya nyumba moja.

Fremu ndizo zinazonikera mimi, na hapa nakiri sina upole. Fremu iliyo ndani ya kiwanja ni riziki. Imewasomesha watoto wa wajane wengi Sinza. Fremu iliyotoka nje ya bikoni imekaa juu ya kitu ambacho si cha mtu mmoja. Ile nafasi ya barabara ndiyo iliyotuokoa wakati bomba lilipooza, na kila anayemega mita moja anaikopa Manzese yake mwenyewe. Omba mpima akuonyeshe bikoni ya jirani yako ilipo. Nyingi bado zipo, zimefunikwa na vigae tu.

Mwembe uache.

Kwa nini nikifuatilia kiwanja cha Sinza naambiwa niende Ubungo, ilhali hati ya marehemu babu imeandikwa Kinondoni?
*Mjukuu, Mbeya*

Kwa sababu Manispaa ya Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni katikati ya muongo uliopita, na Sinza ikaangukia Ubungo, wakati ndugu zake wa mradi uleule, Kijitonyama na Mikocheni, walibaki Kinondoni. Hati ya babu bado ni halali. Nenda na hati, stakabadhi ya mwisho ya kodi ya pango la ardhi na nyaraka za mirathi kutoka mahakamani.

Mtaa wetu umepimwa, una mifereji, na bado mvua ya saa moja inatuingiza maji sebuleni. Majirani wanasema ni bonde la Mto Ng'ombe. Ni kweli?
*Baba wa watoto watatu, Sinza*

Kwa nyumba zilizo jirani na mto, ni kweli kwamba maji yakizidi yanarudi nyuma. Lakini umeniandikia kwamba uko mitaa mitano kutoka mtoni na kwamba maji huanza kujaa mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Mto haurukii mitaa minne ukatua dukani. Tafuta mfereji.

Mtaani kwetu tulikuwa na tatizo hilohilo miaka minne mfululizo. Kila mwenye fremu alikuwa amemwaga zege juu ya mfereji ili wateja wavuke na pikipiki zipande, na kila zege lilikuwa refu kidogo kuliko la jirani, mpaka mfereji ukawa umefunikwa wote, na hakuna aliyekumbuka ulipita upande gani. Tuliandika barua kwa mtendaji wa mtaa, naye akaipeleka kwa wahandisi wa TARURA, wakala anayesimamia barabara za mijini na vijijini tangu mwaka 2017. Walichukua muda. Hatimaye walikuja na nyundo ya umeme Jumanne moja asubuhi, wenye fremu wakapiga kelele, mmoja akakaa juu ya zege lake na kiti cha plastiki akisema atavunjwa nalo.

Alipoondoka kwenda kunywa chai, wakavunja. Chini yake zilitoka chupa, ndala zisizo na wenzake, godoro la mtoto, matairi mawili na mchanga mweusi uliojaa mkokoteni mara kumi na nane, nilihesabu mwenyewe. Ulipoisha kuzolewa, mfereji wa miaka ya sabini ukaonekana: kina chake kilifika magotini, kingo zake zilikuwa zimenyooka, na sakafu yake haikuwa na ufa. Kijana mmoja alimwaga ndoo ya maji upande wa juu ili kujaribu, na maji yakaenda.